Mchwa Hawakula Madaftari ya Babu Yako

Kilwa Masoko, Ijumaa, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Somoe, mama yangu kwa jina na mwanangu kwa tumbo,

Bismillah. Salamu tutapeana kesho alfajiri kituoni, kwa hiyo hapa naziruka. Mambo ya chakula, ya wanaume na ya kufunga madirisha ya bweni nayo naruka. Shangazi zako wamekueleza tangu Jumatano, na nimeona ulivyokuwa ukiitikia huku unatazama simu. Wewe na baba yako mmekwenda Kivinje kuaga watu wake. Watoto wa madrasa nimewaruhusu mapema. Nimechomoa karatasi za katikati ya daftari la mahudhurio, nimekaa barazani, na nimeazimia nisiinuke mpaka nimalize, hata maharage yakiungua huko ndani.

Jambo lenyewe ni moja. Madaftari ya babu yako hayakuliwa na mchwa. Niliyachoma mimi.

Sasa kaa vizuri, nikueleze.

Jumapili ulitukalisha sebuleni ukatusomea lile pendekezo lako la utafiti, kwanza kwa Kiingereza ili ujizoeze, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu. Baba yako hakuvumilia, akakukatiza.

"Yaani wewe unakwenda kusoma habari za watu walikuwa wakisoma nini?"

"Ndiyo, baba. Vyuo vya ualimu vya zamani. Mtaala ulisema wafundishwe nini, na wao hasa walifundishwa nini."

"Kwani si kitu kimoja?"

"Baba, wewe fundi. Ukipewa mchoro wa boti, boti inayotoka ni ileile ya kwenye mchoro?"

"Inategemea mbao."

"Ehe!" Ukapiga kofi meza. "Basi mimi natafuta habari za mbao!"

Tulicheka wote. Nilijisikia fahari, wallahi, maana mtoto anayeweza kumweleza fundi wa boti habari za mitaala ameelimika kweli. Ukaendelea kusoma. Ukasema karatasi za juu, zile zilizochapwa, zipo kwenye makabati ya ofisi, ila madaftari ya wanachuo wenyewe hayapatikani. Umewaendea walimu watatu wastaafu. Mmoja amebaki na cheti ukutani tu, wawili hawana hata hicho. Halafu ukasoma sentensi hii, nami nimeishika kama nilivyoisikia: "Madaftari ya marehemu babu wa mtafiti, aliyesomea ualimu na kufundisha Kikole, yaliharibiwa na mchwa, kwa mujibu wa binti yake." Binti yake ni mimi. Niliinuka nikaenda jikoni kuchungulia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Unakumbuka siku uliponihoji? Uliweka simu juu ya kinu, ukakaa juu ya kigoda, ukabadilisha na sauti.

"Naomba jina lako kamili na umri wako."

"Umri wangu umeanza kuutafuta leo?"

"Mama, ni utaratibu. Sema tu."

"Mwanahawa binti Selemani. Umri weka hamsini, iliyozidi mwachie Mungu."

Ukacheka, ukafuta, ukaanza upya. Ndipo ukaniuliza: "Na yale madaftari ya babu?" Nikajibu mara moja, bila hata kuacha kukuna nazi: "Mchwa, mwanangu." Ukauliza, "Yote?" Nikasema, "Mchwa wa Kikole hawabakizi." Ukacheka tena. Kisha ukanipa karatasi nitie sahihi kwamba niliyoyasema ni kweli na nimeyasema kwa hiari yangu. Nikatia. Mkono huuhuu unaoshika msahafu kila asubuhi mbele ya watoto thelathini.

Jumatatu utalipeleka pendekezo lile mbele ya wakubwa wako, na uongo wangu umo ndani, umeuvalisha nguo nzuri za kisomi. Ndiyo maana naandika leo, si mwezi ujao.

Yalikuwa madaftari manne, makubwa, majalada meusi magumu. Yalikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha babu yako. Aliyaandika chuoni kabla mimi sijazaliwa, akaja nayo Kikole, na kila jioni alikuwa akifungua moja kabla ya kuandaa somo la kesho yake. Juu ya kila ukurasa aliandika Bismillah, hata ukurasa wa kupanda kabichi. Katikati ya ukurasa kulikuwa na yale waliyoamriwa na mkufunzi kuandika, kwa herufi za kawaida, wino wa buluu, mistari imenyooka kama ya mashine. Lakini pembeni, Somoe, pembeni kulikuwa na maandishi mengine madogomadogo, na hayo aliyaandika kwa herufi za Kiarabu. Lugha ni Kiswahili kitupu, herufi ndizo za madrasa. Aliniambia mwenyewe sababu: mkufunzi wao alikuwa mtu wa bara, hakuzijua herufi hizo. Humo ndimo babu yako alimokuwa akibishana naye.

Nayajua kwa sababu niliyasoma. Nikiwa msichana wa darasa la sita, akienda mnadani au msibani mimi navuta sanduku. Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka bibi yako ananiita, "We Mwanahawa, una nini huko chumbani?" Kwa hiyo usije ukasema mama hakujua anachoma nini. Alijua.

Nikamaliza darasa la saba. Jina langu likatoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari, mimi na Zuhura wa jirani, wasichana wawili tu kijiji kizima. Shule ilikuwa mbali, ya bweni. Bibi yako wakati ule alikuwa mgonjwa wa miguu, hawezi hata kwenda msalani bila kushikwa, na mjomba wako Bakari alikuwa bado mdogo. Baba akaniambia, "Mwakani, mwanangu. Mama akipata nafuu." Nikakubali. Sikuwa na kinyongo bado.

Kinyongo kilinipata siku ya tatu. Baba yake Zuhura hakutaka mwanawe aende. Mimi nimetoka kisimani na ndoo kichwani, napita nyuma ya nyumba yao, nikasikia sauti ya baba yangu ndani: "Usimnyime mtoto. Nafasi ya shule haingoji mtu. Ukiiacha mwaka huu imekwenda." Nilisimama pale maji yananimwagikia shingoni. Kumbe alijua. Alijua hakuna mwakani, akaniambia mwakani.

Sikusema kitu. Ndilo kosa langu la kwanza, na ukitaka ujue la pili na la tatu yametoka wapi, yametoka hapo. Laiti ningeitua ndoo, nikabisha hodi, nikamuuliza mbele ya watu. Angeona haya, ningelia, yangekwisha. Nilikwenda nyumbani nikapika ugali.

Baada ya siku chache akanijia na daftari kwapani. "Mwanahawa, tutasoma nyumbani, mimi na wewe. Nimekupangia." Tukaanza. Somo la kwanza lilikuwa kupima shamba kwa kamba yenye mafundo. Tulizunguka mikorosho yetu yote, nikapata eneo lake, naye akasema nimepatia. Somo la pili kuchora ramani ya wilaya. Nilichora Songo Songo kubwa kuliko Masoko na Kivinje kwa pamoja.

"Kisiwa hiki umekiona lini?"

"Sijakiona."

"Ndiyo maana kimekuwa kikubwa hivyo," akasema, tukacheka.

Siku iliyofuata Zuhura akaondoka. Alipita mbele ya nyumba yetu na sketi mpya na sanduku, akanipungia. Jioni baba akaja na daftari. Nikamwambia bila kumtazama: "Mimi si mwanafunzi wako, Mwalimu. Wanafunzi wako wako shuleni." Nilimwita Mwalimu, kama watoto wa watu. Akasema, "Haya." Akarudisha daftari sandukuni. Hakuniuliza tena mpaka anakufa, nami sikumwambia tena, na katikati yake ni miaka ishirini tuliyoishi kwa shikamoo na marahaba.

Mwanangu, mimi nimewasomesha watoto wengi alifu na be. Mtoto akisoma sura akaruka aya, hatumwanzishi mwanzo wala hatumwachi aende mpaka mwisho. Tunamrudisha palepale aliporuka. Ni njia rahisi, na kila siku naifundisha. Kwa baba yangu sikuifuata hata siku moja.

Babu yako alipofariki, bibi yako alikuwa ameshatangulia, nawe ulikuwa darasa la pili. Nilikuacha huku Masoko na baba yako. Baada ya arubaini, watu wameondoka, tukabaki mimi na mjomba wako kugawa vitu. Bakari akavuta sanduku. Unamjua mjomba wako, hata msibani lazima atie utani.

"Dada, haya tumpelekee muuza karanga, atapata karatasi za kufungia mwaka mzima."

"Jina la Mungu limo kila ukurasa. Ufungie karanga?"

"Astaghfirullah, natania. Basi tuyaache sandukuni."

"Nyumba haina mtu. Yataliwa na mchwa."

"Nitakwenda nayo Mtama, dukani kwangu kuna kabati."

Hapo ndipo mlango wa kheri ulikuwa wazi kabisa. Akafungua daftari moja, akaona yale maandishi ya pembeni. Hukusikia Bakari alivyokuwa akitoroka madrasa utotoni? Kwake herufi yoyote ya Kiarabu ni Kurani. Akauliza kwa adabu, "Hizi ni aya, dada?"

Ningesema, "Hapana, ni baba anamsema mkufunzi wake," tungecheka tukalia, na madaftari yangekuwa Mtama mpaka leo. Nikanyamaza. Nikamwacha aamini. Kisha nikasema, "Maandishi ya namna hii hayatupwi wala hayabebwi ovyo. Yanachomwa, majivu yanafukiwa mahali safi." Adabu hiyo ni ya kweli, mwanangu, wala usije ukaidharau kwa sababu yangu, juzuu zilizochakaa pale madrasa bado nazifanyia hivyo. Ila siku ile niliivaa kama kanga ya kujifunikia. Nilikuwa nachoma kitu alichokipenda baba yangu, na nilitaka mtu aniambie ninafanya ibada. Bakari alinitazama, akasema, "Wewe una lako, dada," akaenda zake kufunga mizigo.

Nikachimba shimo nyuma, karibu na mlimau. Nikayatia moja moja. Matatu yalikwisha. La nne, karatasi zikaanza kujifunua zenyewe kwa moto, moja baada ya nyingine kama mtu anapekua, na kwenye ukurasa mmoja wa nyuma nikaona wino mwekundu, na jina langu. Nikatia mkono. Lile kovu la kifundo cha mkono ulilokuwa ukiliuliza ulipokuwa mdogo, nikakwambia ni mafuta ya vitumbua, ni la moto huo. Samahani na kwa vitumbua.

Karatasi hiyo imo ndani ya bahasha hii, umeshaiona. Imekaa miaka yote katika mfuko wa msahafu wa bibi yako. Imeungua pembe moja tu. Usiipeleke steshenari wakaipiga plastiki. Wewe ndiye msomi, utajua inavyohifadhiwa.

Upande wa mbele ni somo la chuoni, wino wa buluu. Kichwa ni Malezi ya Mtoto. Mkufunzi amewaamuru waandike: "Mtoto anapoanza shule hajui kuhesabu." Pembeni, kwa herufi zetu, babu yako kaandika: "Wa kwetu anajua. Mwulize korosho za bibi yake." Ukitaka habari za mbao, ndizo hizo.

Na mengine ninayoyakumbuka nakuandikia hapa, lakini weka wazi kuwa ni kumbukumbu ya mtu, maneno yanaweza kuwa yamehama kidogo. Kwenye somo la kilimo, mahali pa kabichi: "Kwetu haimei. Kwa nini si muhogo?" Kwenye somo la adhabu, mkufunzi amesema mwalimu mzuri haadhibu kwa kazi ya mikono, pembeni: "Jana nimechimba choo kwa kuchelewa chai." Na pahali ambapo somo ni heshima kwa wazazi, hakubishana, aliandika tu: "Hili mama alikwisha nifundisha bila kitabu." Yalikuwa mengi, Somoe. Mamia. Nikifikiria ungekuwa na sanduku zima mbele yako, nakosa pa kuweka uso.

Lakini sikuandika ili nilie. Nataka mambo mawili kwako, na katika haya sibembelezi.

Kwanza, futa ile sentensi kabla ya Jumatatu. Usiandike mchwa, wala usinifiche kwa kuandika "mwanafamilia mmoja". Andika kwamba yalichomwa na binti yake, ambaye ni mama wa mtafiti, akijua kilichomo. Wakikuuliza kwa nini, waambie. Ile karatasi niliyotia sahihi irarue, niletee nyingine, nitatia upya. Kama watasema utafiti wako umepungua kwa sababu yangu, nitakuja mimi mwenyewe na basi la alfajiri niwaeleze, nami siogopi watu wa vyuo. Nimezaliwa na mmoja.

La pili ni gumu zaidi. Usinikasirikie kimya kimya. Ukisoma haya ukaona moyo umechafuka, nipigie, nitukane kwa adabu, ulie, uniambie yote. Nipigie hata ukiwa ndani ya basi. Najua kesho nitakwambia usiisome barua mbele za watu, na najua mtakuwa hamjafika Somanga umeshaichana bahasha. Mimi nilibeba ndoo ile miaka ishirini. Wewe usibebe hata mpaka Ikwiriri.

Allah nimekwisha mwomba msamaha, na ninaendelea. Kwa baba yangu nitaomba siku tutakapoonana. Uliyebaki ni wewe.

Sasa geuza ile karatasi. Upande wa nyuma ndio wenye wino mwekundu. Juu ameandika "Masomo ya Mwanahawa", na chini yake orodha. Wewe umenifundisha neno mtaala. Basi huo ni mtaala, wa chuo chenye mwanafunzi mmoja, na ulipangwa na mtu aliyejua amekosea asijue pa kuanzia. Masomo ni kumi na mawili. La kwanza kamba, limewekewa alama ya vema. La pili ramani, limewekewa vema, na pembeni kwa herufi zetu: "Kisiwa kikubwa. Apelekwe akione." Kuanzia la tatu kwenda chini hakuna alama.

Miaka yote nilikuwa nikilisoma lile la tatu na kulirudisha katika mfuko. Linasema: "Kuandika barua ndefu. Amwandikie mtu aliye mbali, aeleze jambo lililotokea kweli, tangu mwanzo hadi mwisho, asiruke."

Nasikia pikipiki ya baba yako inakata kona, na maharage yameungua kweli. Nimemaliza. Kazi hii nimechelewa sana kuikusanya, na aliyeitoa hayupo wa kuisahihisha. Wewe upo. Chukua kalamu nyekundu, pale niliporuka unirudishe, kisha uniambie kama naweza kwenda la nne.

Mama yako,
Mwanahawa binti Selemani